Treni Ikiwa Bado Kigwa

Katika siku zangu zote, mwanangu, ipo moja nisiyoweza kuikumbuka bila kuona aibu kidogo kwanza na kisha kucheka peke yangu: siku nilipomkasirikia mtani wangu msibani, jeneza likiwa uani na watu wazima wakinitazama. Sisi Wanyamwezi tunaweza kusamehe mengi, lakini mtu anayemnunia mtani wake hutazamwa kana kwamba hakulelewa na mtu.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Juzi ulikuja hapa kwangu Mtendeni na simu yako mpya, ukanionyesha ukurasa wako wa biashara. Umeacha ualimu, unataka kuuza asali, na mimi nakuunga mkono kwa moyo wote. Lakini nilipovaa miwani na kutazama vizuri, sikukuona wewe. Nilimwona kijana mwenye suti, ameegemea gari lisilo lake, jina lake limegeuzwa, na chini pameandikwa kwamba ni mfanyabiashara wa kimataifa. Kimataifa wapi, mwanangu, na asali yako hata Nzega haijafika? Nikauliza mbona hakuna mahali palipotajwa kuwa umefundisha sayansi miaka yote ile. Ukanijibu, "Shangazi, hiyo nimeifuta. Mteja akijua nilikuwa mwalimu ataona nimekimbia chaki, maisha yamenishinda." Sikukujibu siku ile kwa sababu maziwa yalikuwa yanamwagika jikoni, na kwa sababu jibu langu ni refu. Kaa sasa, nikupe.

Wewe umenijua nikiwa mshereheshaji, mwanamke wa maikrofoni, lakini kabla ya harusi nilikuwa sauti ya stesheni. Nilipomaliza shule nilipata kazi ya kutangaza treni hapa Tabora, ndani ya chumba kidogo chenye kioo, na kwa miaka mingi hakuna aliyepanda treni kwenda Mwanza, Kigoma au Mpanda bila kunisikia. "Abiria wapenzi, tafadhali sikilizeni." Ndivyo nilivyoanza kila tangazo. Na kwa kuwa mvua za masika hazikuwa na huruma na reli, sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu kwamba treni yao haijafika. Watoto wa mtaa walikuwa wakinipita sokoni wakiigiza, "Tafadhali sikilizeni!" nami nikijifanya kuwatishia kwa kikapu.

Kisha ikaja miaka ya kupunguza watu kazini. Tulipunguzwa wengi, nami nikiwamo. Mume wangu alikuwa ameshafariki, binti yangu Nyamizi alikuwa sekondari hapa mjini, na mama yangu mzazi, bibi yako, nilikuwa nakaa naye. Baba yako akaja kutoka kijijini Kigwa, akaniambia kwa upendo kabisa kwamba shamba lipo, tuhamie huko wote tulime tumbaku pamoja. Nilijua ana nia njema. Lakini nilijijua pia. Jembe na mimi hatujawahi kuelewana, na Nyamizi angeiacha shule aliyoipenda. Nikamwomba kaka yangu anivumilie mpaka mvua za kwanza, maana kulikuwa na wazo lililokuwa likinisumbua. Siku zile harusi zilikuwa zimeanza kuhamia kumbini, na walioitwa kusherehesha walikuwa vijana wa kiume watupu. Nikajiuliza, maikrofoni nimeishika nusu ya maisha yangu, kwa nini nisiitwe mimi? Basi tukakubaliana hivyo na baba yako. Nikipata harusi kabla mvua hazijaanza, nabaki mjini. Nikikosa, nafunga virago.

Jirani yetu alikuwa na studio ya picha. Alikuwa kijana mchangamfu aliyewahi kuishi Dar, na ndiye aliyenishauri. "Mama Nyamizi," aliniambia, "tatizo lako ni hilo la treni. Nani atataka harusi yake itangazwe na mtu wa kuchelewesha? Wakisikia sauti yako wanakumbuka kulala sakafuni. Hayo zika, anza upya." Maneno yake yaliniingia kwa sababu yalifanana na hofu yangu mwenyewe. Akanivalisha miwani ya jua, akanisimamisha kando ya gari la mteja wake mmoja, ndiyo, gari la mtu, kama wewe, akanipiga picha na jina akanipa: Madam Keli, kutoka Dar es Salaam. Mimi, Kalunde, niliyewahi kukaa Dar juma moja tu, tena nikiumwa tumbo!

Usicheke bado. Nikajifunza kuongea kama vijana wa redioni, nikibana pua na kuvuta maneno. Nikabandika matangazo sokoni, saluni, hata kwenye ukuta wa duka lililo mbele ya kanisa letu la Moravian. Aliyeniuliza kama mimi siye yule wa stesheni, nilimwambia amenifananisha. Nilimjibu hivyo hata mama mmoja tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kanisani kila Jumapili. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Haya mgeni, karibu Tabora," akaenda zake.

Hakuna aliyekuja. Walionijua walinicheka pembeni, na wasionijua hawakuwa na sababu ya kumkabidhi harusi yao mtu wa Dar asiyejulikana hata amefikia nyumba ya nani. Mawingu yakaanza kujikusanya mchana, nami kila nikitazama juu roho inaniuma. Nyamizi akawa ananiuliza kama Kigwa kuna shule yenye maabara. Nilikuwa namjibu kwamba tutaona.

Ndipo akafariki mzee mmoja aliyekuwa mshika bendera pale stesheni, mtu mwema aliyependwa na wengi. Nilikwenda msibani kumlilia kweli, ingawa nilivaa kupita kiasi na kadi za Madam Keli zilikuwemo ndani ya pochi. Watani walikuwepo. Mtani wetu mkubwa alikuwa Bi Tatu, Mzaramo aliyeletwa Tabora na ndoa, muuza vitumbua, mwenye mdomo usiojua mkubwa wala mdogo. Umewahi kusikia utani wetu na Wazaramo ulivyoanza? Wazee wetu waliposhuka pwani na mizigo mabegani, kutoka hapa hapa kwetu, walikuwa wakipita Uzaramo wakiwa wageni, wamechoka, wengine wagonjwa. Huko walipata watu wa kuwatania, na aliyekwisha kukutania hawezi tena kukuogopa wala kukufukuza. Aliyefia njiani alizikwa na hao hao watani. Ndiyo maana mpaka leo mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana, mbele ya maiti na mbele ya mchungaji.

Jeneza lilipotolewa uani, Bi Tatu akanyanyuka, akajifunga khanga kiunoni, akachukua sufuria tupu na kulisogeza mdomoni kama kipaza sauti. "Abiria wapenzi, tafadhali sikilizeni!" akasema, na nakuapia, ilikuwa sauti yangu mwenyewe ikitoka katika kifua cha mtu mwingine. "Treni ya kumpeleka marehemu kwa Mola wake bado haijaingia. Imekwama, Wanyamwezi wamelala relini! Msiwe na wasiwasi, mtangazaji wenu yupo hapa hapa, ila siku hizi amekuwa Mzungu, anaitwa Madam Keli!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mjane mwenyewe alicheka machozi yakimtoka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipovuta pumzi vizuri tangu mumewe afe.

Nami, badala ya kucheka na kumrudishia kama mtani anavyopaswa, nikasimama nikamwambia mbele ya wote, "Mwanamke huna adabu wewe. Nitakupeleka serikali ya mtaa!" Bi Tatu akashusha sufuria lake polepole. Nikachukua pochi yangu nikaondoka, hata mazikoni sikwenda.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Bibi yako alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua michembe, viazi vile vilivyokaushwa, wala hakuinua uso. Akaniambia, "Kalunde, yule mjane alipewa kicheko na mtani, wewe ukamnyang'anya." Nikaanza kujitetea, nikasema ameniharibia jina langu la kazi. "Jina lipi?" akauliza. "Mimi sikuzaa Keli. Huyo aliyebandikwa ukutani, akifa leo, nani atamwigiza? Hana hata mtu wa kumcheka. Asubuhi utampelekea Bi Tatu jogoo, umwombe radhi, na ukitoka huko ubandue makaratasi yako yote." Akarudi kwenye michembe yake.

Asubuhi nikaenda, jogoo kwapani, nimejifunga khanga mbili kama mtu anayekwenda kuzika. Bi Tatu alikuwa mbele ya jiko lake akigeuza vitumbua. Nikampa shikamoo, nikamwambia nimekosa. Aliipokea toba yangu pamoja na jogoo, akampapasa kifua, akasema, "Amekonda, na amechelewa. Bila shaka kaja na treni." Nikajikuta nimecheka. Ilinitoka tu, kicheko cha kweli, na nilipomaliza kucheka nikaanza kulia, na yeye akanisukumia kigoda na kitumbua cha moto.

Akaniambia, "Sasa nisikilize, Mnyamwezi wangu. Jana ulipoondoka na hasira zako, kuna mtu alinifuata. Mzee Mihayo, yule wa mchele. Kaniuliza, yule aliyenuna ndiye yule wa stesheni? Nikamwambia ndiye, ila siku hizi anajionea haya. Akaniuliza kwani anafanya nini? Nikamwambia anatafuta harusi ya kusherehesha, hajapata. Mzee akasema, mwambie aje kwangu, naozesha binti." Fikiria, mwanangu. Miezi mizima nilikuwa najipigia debe, hakuna aliyegeuka. Sufuria la Bi Tatu lilinipigia mara moja tu.

Mzee Mihayo nilimkuta ghalani kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mimi nimelala stesheni ile na magunia yangu mara nyingi kuliko nilivyolala kwa wakwe zangu," aliniambia. "Treni ikichelewa, wewe ulikuwa unatuambia imefika wapi, halafu unarudi kutuambia tena. Kwa hiyo watu hawakugombana. Wa kuwachekesha wageni wangu nitampata popote. Nataka mtu anayeweza kuwatuliza." Nikakaa juu ya gunia moja la mchele. Jambo lile nililokuwa nalizika kwa miwani ya jua, kumbe ndilo alilolikumbuka kwa wema.

Ndoa ilifungwa kanisani Kigwa, kwa sababu bibi yake bi harusi alikuwa hawezi tena kusafiri, na sherehe ikapangwa jioni katika ukumbi hapa mjini. Mchana ule ule, mvua za kwanza zikashuka. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi nikizitazama, nikasema moyoni, basi, Kalunde, muda wako umekwisha. Wageni walikuwa wamejaa. Upande wa bwana harusi walikuwa wametoka Urambo tangu alfajiri, wana njaa, na pilau linanukia nyuma ya ukumbi lakini haliwezi kuliwa kabla maharusi hawajaingia. Maharusi hawaonekani. Kisha simu ya dereva ikaja: magari yamezama kwenye tope, kipande kidogo tu baada ya kutoka Kigwa.

Watu walianza kunung'unika, na manung'uniko ya wenye njaa hukua upesi. Baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye fimbo, akasimama akasema wazi kwamba wamedharauliwa, na kama hakuna maelezo watapanda gari lao warudi Urambo. Mama wa bi harusi akashika kichwa. Mzee Mihayo akanitazama mimi. Nikashika maikrofoni, na hofu ilivyo ya ajabu, Madam Keli akanitoka mdomoni: "Haloo Tabora! Mko poa?"

Yule mzee wa Urambo akaanza kutafuta kofia yake. Ndipo kutoka nyuma kabisa, karibu na masufuria, nikasikia sauti ninayoijua: "Stesheni! We stesheni! Treni yetu iko wapi?" Ni Bi Tatu, amejishika kiuno.

Nikafumba macho, na chumba changu cha kioo kikanirudia. "Abiria wapenzi, tafadhali sikilizeni," nikasema, kwa sauti ile ile ya zamani, bila kubana pua. Kicheko kilipasuka ukumbi mzima, na nilisikia watu wakiambizana, ni yeye, ni yule yule. Nikangoja wanyamaze. "Treni kutoka Kigwa, yenye bwana na bibi harusi, iliondoka salama. Sasa imekwama kwenye tope. Hakuna aliyeumia. Inasukumwa. Saa ya kufika siijui, na nisiyoijua sitaisema. Nikipata habari nitarudi."

Hiyo ndiyo kanuni niliyofundishwa na msimamizi wangu wa kwanza, mtu mkali asiyecheka hovyo. Alikuwa akisema abiria huvumilia treni iliyochelewa, lakini hawamvumilii aliyewadanganya kuhusu treni hiyo. Basi nikafanya kama nilivyozoea. Nilimwomba Mzee Mihayo wagawiwe chai na karanga, wazee na watoto wakianza. Yule mzee mwenye fimbo nikamtangaza kuwa mkuu wa stesheni kwa siku ile, nikamwomba akae mlangoni aipokee treni yetu, na alipopewa kiti chake pale mbele, hasira zikamwishia kidogo kidogo. Kila dereva alipopiga simu nilirudi. Gari la kwanza limetoka. Bi harusi amevua viatu. Bwana harusi anasukuma, na koti lake wamelitundika ndani ya gari lisichafuke. Watu wakawa wanasubiri tangazo lijalo kama wanavyosubiri mchezo wa redio, na Bi Tatu akinikatiza kila mara kuuliza kama bwana harusi wa Kinyamwezi anasukuma gari au amelala ndani yake.

Walipofika kwa kweli, gauni likiwa na tope hadi magotini, ukumbi wote ulikuwa umesimama. Mkuu wetu wa stesheni kutoka Urambo alichukua kitambaa cha kijani mezani akakipeperusha kama bendera, nami nikatangaza kwamba treni inaingia, akina mama wapige vigelegele. Bi harusi alikuwa analia njia nzima, ndivyo nilivyoambiwa baadaye, akidhani siku yake imeharibika. Aliposikia lile tangazo na kumwona baba mkubwa na kile kitambaa, alicheka mpaka akashindwa kutembea. Nikashusha pumzi, mwanangu. Nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku nilipofunga mlango wa kile chumba cha kioo.

Kabla keki haijakatwa, watu walikuwa wameshaanza kunifuata na tarehe za harusi zao. Asubuhi yake baba yako akanipigia simu, kwa upole kama mtu anayeogopa kuniumiza. "Dada, mvua zimeanza," akasema. Nikamjibu, "Zimeanza kweli, kaka. Nami siji." Akacheka kwa furaha, na nyuma yangu Nyamizi alikuwa anarukaruka kitandani kama mtoto wa chekechea.

Sasa nikwambie ninachotaka ukishike. Kujitangaza si kosa. Mimi nimeishi kwa kutangaza, na asiyesema anauza nini atakaa na chupa zake ndani. Ila usitangaze kwamba treni imeingia ikiwa bado Kigwa. Sema ilipo, watu watakungoja. Sema unauza asali ya wafugaji nyuki gani, umeanza lini, na kile usichokijua waambie hukijui, kisha urudi kuwaambia ukishajua. Suti ivae ukipenda, ilikugharimu, lakini toka mbele ya gari la watu, na jina alilokupa baba yako lirudishe.

Na ualimu wako urudishe pale juu kabisa. Unadhani wanunuzi wa asali hapa mjini wanaogopa nini? Wanaogopa sukari iliyochemshwa. Wazazi wangapi wanafahamu kwamba wewe ni yule mwalimu aliyekataa kuwapa watoto wao alama wasizostahili, hata walipokuja kubembeleza? Walikukasirikia, najua. Hao hao ndio watakaoichukua chupa yako bila kuinusa. Ulifuta kitu pekee ambacho mshindani wako hawezi kukiiga.

Halafu kesho nenda kwa Bi Tatu. Miguu imemwisha lakini mdomo bado upo. Mpelekee chupa moja ya asali, keti kwenye kile kigoda, umwache akuseme atakavyo, ucheke, umrudishie. Ikifika jioni Mtendeni nzima itakuwa inajua kwamba mwalimu wa sayansi sasa anauza asali, na watakuwa wameambiwa na mtu wanayemwamini.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe wateja wakuitao kwa jina lako la kuzaliwa, na ulimi usiochoka kusema ukweli mmoja asubuhi na jioni. Na siku mambo yako yakichelewa, maana yatachelewa, akupe watu wa kukaa na kusubiri pamoja nawe. Abiria wangu mpenzi, safari njema.